Tutazame ipi? Filamu na tamthilia tano za kale, na pale kila moja inapoiacha historia

Swali hili huzuka Amu, yaani Lamu, kila shule zinapofungwa. Projekta imeazimwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani juu ya dari, watoto wamekaa mikekani, na hakuna anayejua iwekwe filamu gani. Vijana wanataka mapanga na farasi. Maalim anataka kitu chenye funzo. Bibi anataka mapenzi lakini hatasema. Na yupo yule aliyesoma historia chuoni, ambaye atakaa nyuma akiguna "uongo huo" hadi mwisho.

Nimechukua kazi tano ambazo watu hunitajia mara kwa mara: *Lion of the Desert*, *Kingdom of Heaven*, *Jodhaa Akbar*, *The Woman King* na tamthilia ya Kituruki *Diriliş: Ertuğrul*. Hakuna iliyo safi. Zote zimeongeza chumvi, zote zimekata. Kwa hiyo msitafute isiyo na kosa. Tafuteni ile ambayo makosa yake hayataharibu shughuli mliyonayo usiku huo.

Tutapima kwa vigezo gani

Tuseme watu wanakuja Amu na kamera kupiga filamu ya Vita vya Shela, vile vya mwaka 1812 au 1813, ambapo Lamu iliwashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa. Mwongozaji atataka ngome ionekane nyuma ya wapiganaji, maana ndiyo sura ya mji. Hapo ameshakosea. Ngome ilianza kujengwa baada ya vita hivyo, ikamalizika 1821. Ataweka wanawake wa buibui jeusi wakichungulia dirishani. Kosa la pili: buibui lilienea huku karibu karne moja baadaye. Waungwana wa zama zile walitoka na shiraa, yaani hema la kitambaa lililobebwa na watumwa huku bibi akitembea ndani yake. Akiwavisha kanga zenye majina, hilo la tatu.

Makosa hayo ni ya vitu. Yanachekesha, yanamuudhi mjuzi, lakini hayamdhulumu mtu.

Sasa tuseme mwongozaji huyohuyo amerekebisha yote, ngome ameifuta, shiraa ameishona, kisha anaonyesha kwamba Waomani ndio walioshinda vita vile kwa niaba ya watu wa Amu. Kila kitu kwenye picha kiko sawa, na mtu wa Amu ameibiwa ushindi wa babu zake. Ilivyokuwa ni kwamba Lamu ilishinda kwanza, ndipo ikamwendea Sayyid Said wa Oman kuomba himaya kwa kuhofia kisasi. Kosa la namna hii halionekani kwa macho, wala hakuna anayelicheka, na ndilo watoto watakaloondoka nalo.

Basi kila kazi nitaipima kwa mambo manne. *Vitu*: majengo, nguo, silaha, lugha. *Watu*: waliokuwepo, wasiokuwepo, na waliobadilishwa umri au nasaba. *Sifa na lawama*: nani alifanya jambo, na kwa sababu gani. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. *Mkasi*: filamu inaanzia wapi, inaishia wapi, na nini kimeachwa sakafuni. Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

Hapo kwenye watu, jirani zetu wa Malindi wana mfano wao. Mara nyingi husimuliwa kwamba rubani aliyempeleka Vasco da Gama India alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Oman. Jina kubwa, linapendeza. Lakini Wareno walioandika habari za safari hawakumtaja yeye, na wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba alikuwa yeye. Rubani anaelezwa kama mtu wa Gujarati. Da Gama aliondoka Malindi 24 Aprili 1498, upepo wa kusi ukianza, akafika pwani ya Calicut 20 Mei. Filamu ikimwonyesha anavuka kwenda India kwa kaskazi, upepo ambao ungempiga usoni, usiwaambie watu wa vitabu. Nahodha yeyote aliyeketi barazani ataibomoa kabla yao.

Lion of the Desert (1981)

Filamu ya Moustapha Akkad juu ya Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyeongoza mapambano ya Walibya dhidi ya Waitaliano mpaka aliponyongwa 16 Septemba 1931, umri ukiwa umepita miaka 70. Inakaribia saa tatu.

*Vitu.* Imepigwa Libya penyewe, na inaonekana. Seng'enge iliyotandazwa mpakani na Misri kwa karibu kilomita 270 ilikuwepo kweli. Kambi zilikuwepo. Kuna na picha halisi za zamani zilizochomekwa katikati, kiasi kwamba mtazamaji anashindwa kujua kipi kimeigizwa. Kasoro kubwa ni lugha: Mlibya anasema Kiingereza, Mtaliano anasema Kiingereza, na Mukhtar mwenyewe ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Ukishazoea, unasahau.

*Watu.* Mukhtar, jenerali wa Kiitaliano Graziani, na Mussolini, mtawala wa Italia, wote ni wa kweli. Mazungumzo ya mateka na jenerali kabla ya kesi yalifanyika, Graziani aliyaandika mwenyewe. Ile miwani ambayo watoto huikumbuka ina kisa chake: Mukhtar aliipoteza vitani mwaka 1930, Waitaliano wakaiokota, na Graziani inasemekana alijigamba kwamba baada ya miwani kitafuata kichwa. Ila mtoto anayeiokota chini ya kitanzi mwishoni ametungwa na filamu.

*Sifa na lawama.* Hapa ndipo filamu hii inaposimama imara. Waliofanya ndio wanaoonyeshwa wakifanya. Takriban watu 100,000 wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, waling'olewa makwao na kutiwa kambini, na makumi ya maelfu wakafa. Italia iliipiga marufuku mwaka 1982 kwa madai kwamba inavunjia jeshi heshima, na haikuonyeshwa kwenye televisheni ya huko hadi 2009. Filamu ya uongo mtupu haiogopwi kiasi hicho.

*Mkasi.* Inaanza 1929, wakati Mukhtar alikuwa vitani tangu Waitaliano walipotua 1911. Miaka 18 imekwenda. Na kuna pengo lingine. Fedha za filamu zilitoka kwa serikali ya Gaddafi, ambaye mwaka 1969 alimpindua Mfalme Idris. Idris alikuwa kiongozi wa tarika ya Sanusiyya, tarika ileile ambayo Mukhtar alikuwa sheikh wa zawiya yake, yaani kituo chake cha ibada na mafunzo. Si ajabu, basi, kwamba tarika imepewa nafasi ndogo. Kwa mtu wa Amu, anayejua jinsi msikiti wa Riyadha na maulidi yake vinavyoweza kuushika mji mzima, pengo hilo lazima limsumbue: wapiganaji hawa walikusanywa na nini, kama si zawiya?

*Inamfaa nani.* Wanaotaka historia ya ukoloni isiyogeuzwa kichwa chini. Kuna kunyongwa kwa watu hadharani, hivyo watoto wadogo walale kwanza.

Kingdom of Heaven (2005)

Filamu ya Ridley Scott juu ya Sultani Salahuddin alivyoitwaa Jerusalem kwa Wafranki, yaani Wakristo wa vita vya msalaba, mwaka 1187. Kuna toleo la sinema la karibu saa mbili na nusu na toleo refu la mwongozaji linalozidi saa tatu. Chukueni refu, lile fupi limekatwa mpaka baadhi ya wahusika hawaeleweki.

*Vitu.* Imefanywa kwa fedha na kwa jicho zuri. Barakoa ya chuma ya mfalme mwenye ukoma, Baldwin wa Nne, imekuwa picha maarufu mtandaoni, lakini hakuna mwandishi wa zama zake aliyeitaja. Ugonjwa ni kweli, barakoa ni ya filamu.

*Watu.* Hapa pana fujo. Balian wa filamu ni mhunzi kutoka Ufaransa, mwana wa nje ya ndoa, anayeiona Palestina kwa mara ya kwanza. Balian wa Ibelin wa kweli alizaliwa hukohuko, mtoto wa ukoo mkubwa, na mkewe alikuwa Maria Komnene, malkia mjane. Sibylla, dada wa Mfalme Baldwin, naye wamemgeuza. Filamu inamwonyesha akimchukia mumewe Guy na kumpenda Balian. Ilivyokuwa ni kinyume: mwaka 1186 wakubwa walimtaka aachane na Guy ndipo avishwe taji, naye akakubali kwa sharti kwamba mume wa baadaye atamchagua mwenyewe. Alipokwisha kuvishwa taji akasimama akamchagua Guy yuleyule. Mwanamke aliwazidi akili mabaroni wote kwa tendo moja, na filamu ikaona hadithi ya mhunzi ina mvuto zaidi. Mimi sikubaliani.

*Sifa na lawama.* Salahuddin, anayeigizwa na Ghassan Massoud wa Syria, amepewa heshima ambayo filamu za Magharibi hazikuwa zikimpa, na wengi huku huipendea filamu hiyo. Anawaruhusu watu wote wa Jerusalem watoke salama bila malipo. Historia haijafika huko. Palikuwa na fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na kiasi kidogo kwa mtoto. Maelfu ya maskini walilipiwa kwa mkupuo, ndugu yake al-Adil aliomba apewe watu elfu moja akawaachia huru, na wengine Salahuddin mwenyewe aliwasamehe. Lakini maelfu waliobaki bila fidia walichukuliwa utumwani. Bado ni tofauti kubwa na mwaka 1099, Wafranki walipoingia mjini wakaua. Hakuhitaji kuongezewa. Vivyo hivyo lile tukio ambapo anauokota msalaba ulioanguka na kuusimamisha mezani: linagusa, ila siku ile msalaba uliokuwa juu ya Kuba la Mwamba uliteremshwa, na Waislamu wa wakati ule waliliona hilo kuwa jambo la furaha.

*Mkasi.* Kilichonishangaza ni walichokitupa. Baada ya Wafranki kushindwa vitani Hattin, Balian alimwomba Salahuddin ruhusa ya kuingia Jerusalem kumtoa mkewe na wanawe, akaapa kulala usiku mmoja tu. Alipofika, watu wakamshika miguu wakimtaka abaki kuwaongoza. Akamwandikia Salahuddin kuomba radhi kwa kiapo atakachokivunja. Salahuddin akamsamehe, kisha akampa mke na watoto wa adui yake walinzi wa kuwasindikiza hadi Tripoli. Ndipo wawili hao wakapigana. Mwandishi gani wa filamu anakipata kisa kama hicho bure na kukiacha?

*Inamfaa nani.* Vijana wanaopenda vita vikubwa, na watu wazima walio tayari kubishana baadaye. Kuna mambo ya faragha ya mke na mume. Ukitazama na mama mkwe, rimoti iwe karibu.

Jodhaa Akbar (2008)

Huku pwani filamu za Kihindi hazihitaji kutambulishwa. Hii ni ya Ashutosh Gowariker, inazidi saa tatu na nusu, na inasimulia ndoa ya Mfalme Akbar wa Mughal na binti wa Raja Bharmal wa Amber, iliyofungwa Sambhar mwaka 1562.

*Vitu.* Hapa pana kosa pacha na lile la ngome ya Lamu. Filamu imejaa kuta nyekundu za Ngome ya Agra, zilizojengwa upya kwa ajili ya picha huko Karjat. Mwaka 1562 kuta hizo hazikuwepo: Akbar alianza kuijenga upya ngome hiyo kwa mawe mekundu mwaka 1565. Mtazamaji anaona Agra ya kesho kutwa. Sijaona mtu akilalamika, na mimi mwenyewe nisingelipunguza hata jiwe moja.

*Watu.* Binti wa Bharmal alikuwepo, na aliolewa kweli. Jina ndilo lenye shida. Vitabu vya baraza la Akbar havimwiti Jodhaa. Anajulikana kwa cheo chake, Mariam-uz-Zamani, na jina la Jodhaa lilishikana naye baadaye sana. Filamu ilipotoka, baadhi ya Warajput, jamii ya Kihindu aliyotoka binti huyo, waliandamana kwa ajili hiyo. Jambo jingine: Akbar wa filamu ni mtu wa mke mmoja anayehangaika kuupata moyo wake. Akbar wa kweli alikuwa na miaka 19 na tayari alikuwa na wake wengine, na baadaye akaongeza. Ukishalijua hilo, nyimbo za mapenzi unazisikia kwa sikio jingine.

*Sifa na lawama.* Filamu inampa mke sehemu kubwa ya sifa kwa mfalme kufuta ushuru waliotozwa Wahindu wanaokwenda kuhiji. Ushuru huo ulifutwa kweli mwaka 1563, na jizya, kodi ya wasio Waislamu, ikafuata 1564. Kwamba mapenzi ndiyo yaliyofanya hivyo, hakuna hati inayosema. Siasa ya kuwaunganisha Warajput inatosha kuwa sababu.

Na hapa ndipo yule wa nyuma anayeguna hunaswa. Kuna matukio mawili ambayo kila mtu huyaita chuku. La kwanza ni Akbar kumkabili tembo mwenye wazimu. La pili ni Adham Khan, mtoto wa mama aliyemlea mfalme, anayemuua waziri ndani ya jumba. Akbar anatoka, anamwangusha, anaamuru atupwe kutoka barazani juu, na akionekana bado ana roho anaburutwa juu tena na kutupwa mara ya pili. Watu huguna: mara mbili? Matukio yote mawili yana mizizi kwenye maandishi ya zama zake. Akbar alijulikana kwa kupanda tembo walioshikwa na wazimu. Na Adham Khan alitupwa mara mbili, Agra, mwaka 1562. Mama yake, Maham Anga, akafa siku 40 hivi baadaye. Yanayoonekana kuwa sinema tupu ndiyo yaliyo karibu zaidi na kitabu, na yale matulivu ya chumbani, ambayo hakuna anayeyatilia shaka, ndiyo yaliyobuniwa.

*Mkasi.* Filamu inaishia kwenye upendo na uvumilivu. Miaka michache mbele, mwaka 1568, Akbar huyuhuyu aliiteka Chittor na kuamuru mauaji makubwa ya watu waliokuwa ndani. Hakuna aliyedanganya kwa kusimamisha hadithi kabla ya hapo, lakini mahali pa kusimama palichaguliwa.

*Inamfaa nani.* Nyumba nzima, bibi na wajukuu. Haifai kwa anayetaka kujua Akbar alitawalaje.

The Woman King (2022)

Gina Prince-Bythewood, Viola Davis, na askari wanawake wa Dahomey, nchi ambayo leo ni sehemu ya Benin. Hadithi imewekwa mwaka 1823.

*Vitu.* Imepigwa Afrika Kusini, lugha ni Kiingereza chenye lafudhi, na jumba la mfalme limefanywa kwa ukubwa unaoeleweka. Sina neno.

*Watu.* Jeshi la wanawake lilikuwepo kweli, na hilo peke yake linatosha kuwafanya mabinti wakae wima. Mfalme Ghezo alikuwepo, alitawala kuanzia 1818. Jenerali Nanisca ametungwa.

*Sifa na lawama.* Hapa filamu imeteleza vibaya. Dahomey kweli ilijitoa chini ya Oyo, ufalme jirani, wakati huo. Lakini filamu inaifanya vita hiyo kuwa vita ya kukomesha biashara ya watumwa, na mmoja wa maadui wakubwa ni mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil. Mbrazili aliyemfanana katika historia, Francisco Félix de Sousa, alikuwa rafiki na mshirika wa Ghezo. De Sousa alimsaidia mfalme huyo kumpindua kaka yake, naye akatunukiwa cheo kikubwa Ouidah, bandari ya Dahomey. Ghezo aliendelea kuuza watu kwa miongo, na ni shinikizo la manowari za Uingereza lililomfanya atie saini mkataba wa kuiacha biashara hiyo mwaka 1852, kisha biashara ikarudi. Meli *Clotilda* iliyopeleka watumwa Alabama mwaka 1860 ilichukua watu kutoka Ouidah, waliotekwa na jeshi la Dahomey. Biashara ya mawese inayosifiwa kwenye filamu ilikua kweli, ila ilikua sambamba na ile nyingine.

Nasema hivi nikijua kwamba sisi hatuna pa kujificha. Mashamba ya bara yaliyoitajirisha Amu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na ile shiraa niliyoitaja juu haikutembea yenyewe.

*Mkasi.* Kuuweka mkasi mwaka 1823 kumewasaidia sana: ni mwaka wa ushindi, na yaliyofuata hayahitaji kuonyeshwa.

*Inamfaa nani.* Kikundi cha wasichana, darasa la wakubwa lenye mwalimu aliyejiandaa. Ina damu nyingi na inagusia kubakwa. Bila mtu wa kuzungumza baadaye, nisingeiweka.

Diriliş: Ertuğrul (2014–2019)

Misimu mitano ya televisheni ya taifa ya Uturuki juu ya Ertuğrul, baba wa Osman aliyeanzisha dola ya Kiosmani, kila kipindi cha asili kama saa mbili. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu mambo ya kulinganisha ni machache.

*Vitu* vimeshonwa vizuri, na mahema yanapendeza. *Watu*: kuhusu Ertuğrul mwenyewe hatuna maandishi ya wakati wake yenye habari za maana. Kuna sarafu ya mwanawe Osman inayomtaja kama baba, na kuna vitabu vya historia vya Kiosmani vilivyoandikwa katika karne ya 15, muda mrefu baada ya kufa kwake. Ibn Arabi, mwanazuoni wa Kisufi, alikuwepo, lakini tangu 1223 makazi yake yalikuwa Damascus, na hakuna ushahidi kwamba alimlea Ertuğrul kiroho. *Sifa na lawama* zimegawanywa mapema: unajua msaliti kabla hajafungua kinywa. Sadettin Köpek, kwa mfano, ni waziri wa kweli wa Waseljuki, watawala wa Anatolia wakati huo, naye aliuawa kwa amri ya sultani wake, haikuwa kazi ya Ertuğrul. *Mkasi* haujatumika kabisa, na ndiyo shida: palipo na kurasa chache za habari wamejaza mamia ya saa.

Haya si matusi. Ichukulieni kama utenzi wa Fumo Liyongo. Hakuna anayeusoma utenzi ule ili ajue urefu halisi wa shujaa, na hakuna anayeuona hauna thamani. *Inamfaa* familia inayotaka kitu cha kila usiku chenye adabu, bila kuruka vipande. Haimfai mwenye mtihani.

Mkiwa katika hali hii, fanyeni hivi

Una usiku mmoja tu na watu wa rika zote: *Jodhaa Akbar*, na mkate wa mofa uwe wa kutosha, maana ni ndefu. Waambieni kabla ya kuanza kwamba tembo ni wa kweli na mapenzi ni ya kubuni. Watatazama kwa makini zaidi.

Wewe ni mwalimu na unataka wanafunzi waelewe ukoloni: *Lion of the Desert*. Dakika kumi za mwanzo zitumie kueleza Sanusiyya ni nani, kwa sababu filamu haitakufanyia kazi hiyo. Ukitaka kuwafundisha kuchambua ushahidi badala ya kuwapa habari, basi *The Woman King* ni nzuri kuliko zote tano, kwa sababu kosa lake ni kubwa na ni la wazi ukishapewa tarehe mbili: 1823 na 1860. Ziandike ubaoni, kaa kimya, waulize wao.

Vijana wa kiume wasiokaa kimya: *Kingdom of Heaven*, toleo refu, au *Ertuğrul* kama likizo ni ndefu. Ukichagua la kwanza, wasimulie kisa cha kiapo cha Balian baada ya filamu. Nimeona wakikikumbuka kuliko vita yenyewe.

Mnatazama na wazee waliosafiri na kusoma: epukeni *Ertuğrul*, watawachosha kwa masahihisho. Wapeni *Lion of the Desert*. Wataongeza walichokisikia wenyewe redioni na kwa mabaharia.

Una mtoto wa chini ya miaka kumi: *Jodhaa Akbar*, ila ruka pale Adham Khan anapotupwa. Au vipindi vya mwanzo vya *Ertuğrul*, ukiwa tayari kuziba macho ya mtu wakati wa mapanga.

Na kama wewe ni mmoja wa vijana wanaosema wataandika filamu ya Amu yenyewe, tazama *Jodhaa Akbar* na *Kingdom of Heaven* kwa jozi, kalamu mkononi. Ya kwanza itakuonyesha kwamba ukiweka ngome kabla ya wakati wake watu watakusamehe. Ya pili itakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kushika kisa kizima, cha kweli, kilichokwisha pikwa, akakimwaga ili aweke cha kwake. Kabla hujabuni mhunzi, nenda kwa wenye tenzi na wenye barua za zamani, uwaulize siku ile Shela nani alikuwa wapi, na kusi lilikuwa linavuma au kaskazi.